Wanangu mnaoanza anatomia, wekeni daftari chini kwanza

Kila unapoingia mwaka mpya wa masomo, hapa kwangu Chake Chake hunijia vijana waliochaguliwa kusomea uuguzi, ukunga au uganga wa tiba. Wengine ni watoto wa ndugu zangu, wengine wa majirani, na siku hizi wanakuja hata wa Wete na Mkoani kwa kuelekezwa tu, "Nenda kwa Bibi mkunga." Wote huja na daftari, na ndani ya daftari mna kitu kile kile: orodha ya majina. Majina ya mifupa, ya misuli, ya mishipa, yamepangwa safu mbili tatu kwa wino mwekundu na wa buluu. Wanataka niwasikilize wakiyasoma kwa ghibu.

Siwasikilizi. Nawaambia wafunge daftari, wavue viatu, wasimame.

Nimefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote ya utu uzima, na ninaloamini kuhusu somo hili ni moja: mwili husomwa kwa mahali. Jina la kitu unaweza kulisahau usiku wa zamu, ukalikumbuka asubuhi, na mgonjwa asipate dhara yoyote. Ukisahau kilipo, na kipi kiko ubavuni mwake, utamuumiza mtu. Majina yana wakati wake, tena mtihani utayadai, lakini yakitangulia yanakaa kichwani bila kuwa na pa kushika.

Basi simama wima, uso mbele, mikono ubavuni, viganja vitazame mbele. Hilo ndilo simamo linalotumiwa na vitabu vyote vya anatomia duniani. Mtu awe amelala kifudifudi au amekunja mkono, unapomweleza unamweleza kana kwamba amesimama hivyo. Na kulia ni kulia kwake yeye. Mgonjwa anayekutazama usoni, ini lake liko upande wa mkono wako wa kushoto. Ni jambo jepesi, ila nalirudia kila siku, kwa sababu figo ni mbili na macho ni mawili, na anayeandika "kushoto" kwenye karatasi ya chumba cha upasuaji lazima awe na yakini.

Baada ya hapo ni kupapasa. Sharti langu ni la adabu: kila mmoja anajigusa mwenyewe, hakuna anayemgusa mwenziwe. Mwili wako unatosha.

Tunaanza na kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili, ile mifupa ya juu ya kifua iendayo mabegani, inapokaribiana. Weka kidole hapo, ukiteremshe taratibu juu ya mfupa wa kidari. Baada ya upana wa vidole vitatu hivi utakuta tuta dogo limekatiza kwa upana. Ubavu wa pili unaungana na kidari hapo hapo. Ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, huwezi kuutegemea kwa kuhesabu, ndiyo maana tuta hili lina thamani kubwa: ukishaupata wa pili, nyingine unazihesabu kwa kushuka. Mbavu ni jozi 12. Saba za juu kila moja imefika kwenye kidari kwa gegedu lake, tatu zinazofuata zimeegemea gegedu la mbavu za juu yake, na mbili za mwisho hazikushikana na kitu kwa mbele.

Uwazi ulio chini ya ubavu wa pili ndio uwazi wa pili. Shuka mpaka wa tano, kisha peleka vidole kushoto hadi usawa wa katikati ya mtulinga. Msichana atapapasa chini ya ziwa. Tulia. Hapo ncha ya moyo inagonga. Kila kundi huwa na mmoja anayeshangaa, maana yeye alidhani moyo umekaa juu zaidi, tena wote upande wa kushoto. Moyo uko nyuma ya kidari, kati ya mapafu mawili, theluthi mbili zake zikiwa kushoto kwa mstari wa katikati na theluthi moja kulia. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwa kuwa la kushoto limeuachia moyo nafasi. Na ncha za mapafu hupanda juu ya mitulinga kwa sentimita chache. Lishikeni hilo. Anayechoma sindano karibu na shingo, au anayekagua jeraha la kisu juu ya mtulinga, pafu liko chini ya kidole chake.

Sisi Pemba tuna msimu unaotufundisha mifupa kwa uchungu, nao ni msimu wa karafuu. Mkarafuu ni mrefu, tawi lake hukatika ghafla, na watu huanguka. Anayeanguka mara nyingi hutanguliza kiganja. Kishindo hupanda kutoka kiganjani, kikapita kifundo, mkono wa chini, kiwiko, mkono wa juu, bega, na mwisho kikafika kwenye mtulinga, ambao ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kifua kwa maungio ya mfupa kwa mfupa. Sehemu nyingine ya bega imeshikwa na misuli tu. Kwa hivyo mtu akiangukia kiganja anaweza kuvunjika mtulinga, mbali na pale alipogonga. Huvunjika zaidi pale theluthi ya kati inapokutana na theluthi ya nje. Hapo ndipo palipo dhaifu.

Kuna mfupa mwingine ninaotaka kila mwanafunzi wa kisiwa hiki aujue kabla hajajua mfupa wowote wa fuvu. Nyanyua kidole gumba kwa nguvu. Nyuma ya kifundo, upande wa gumba, kano zitajitokeza na kati yake pataonekana kishimo. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, mmoja kati ya mifupa minane ya kifundo cha mkono. Mchumaji aliyeangukia kiganja, ukimbonyeza hapo akashtuka kwa maumivu, mchukulie kuwa amevunjika hata kama eksirei ya siku ya kwanza haikuonesha kitu. Damu ya mfupa huu huingilia zaidi upande wa vidoleni, kisha inarudi nyuma. Ufa ukiukata katikati, kipande cha upande wa pili hukosa damu na kinaweza kufa. Kijana anayepanda mikarafuu na kuvuta nyavu akapoteza nguvu za mkono wake wa kazi kwa sababu mtu wa kwanza kumpokea hakujua pa kubonyeza! Hili linanikera, na ndilo linalonifanya niwapokee watoto hawa kila mwaka.

Mkono mmoja, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka, una 26. Jumlisha ya pande zote mbili upate 106, na mifupa yote ya mtu mzima kwa kawaida ni 206. Zaidi ya nusu ya mifupa yako imo katika mikono na nyayo. Vitabu vingi huanza na fuvu. Mimi naanza na mkono, kwa kuwa umelala juu ya meza mbele ya mwanafunzi wakati wote, hata ndani ya chumba cha mtihani.

Sasa moyo, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Moyo wa plastiki unafaa kwa rangi zake. Wa ng'ombe ndio unaofundisha. Kwenda sokoni ni alfajiri, na muuza nyama lazima aombwe mapema asiuchane wala asiikate mishipa mikubwa ya juu, kwani kawaida yake ni kuusafisha mpaka ubaki nyama tupu. Mara nyingine huja umeshachanwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta mabuu ya tegu. Huo nao unasomeka, ila somo la vali, vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, linaharibika. Tunautia kwenye sinia, kisu kisafi, maji safi, bismillahi. Ukimalizwa kusomwa unapikwa, maana ni riziki.

Bonyeza pande zake mbili kwa vidole. Upande mmoja unabonyea, wa pili ni mgumu. Mgumu ndio wa kushoto. Ukuta wa ventriko ya kushoto, yaani chumba cha chini cha upande huo, ni mnene karibu mara tatu kuliko wa kulia, kwa sababu ventriko ya kulia inasukuma damu mapafuni tu, pale pale jirani, na ya kushoto inaisukuma mpaka utosini na mpaka vidole vya miguu. Mwanafunzi aliyebonyeza hivyo hachanganyi tena kushoto na kulia kwa moyo, wala hahitaji kukariri ni upi mnene.

Kabla ya kukata tunafanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Unaushika moyo wima, unamimina maji kwa kikombe ndani ya aota, ule mshipa mkubwa wenye ukuta mnene kupita yote. Maji yanasimama, hayashuki. Chungulia ndani utaona vijifuko vitatu vimejaa na kukutana katikati. Hiyo ndiyo vali ya aota, na ng'ombe amekwisha kuchinjwa, hakuna msuli unaoisaidia. Uzito wa maji peke yake umeifunga. Juu kidogo ya vijifuko kuna matundu mawili madogo. Ingiza kijiti chembamba uone kinapoelekea: kinaingia ndani ya nyama ya moyo wenyewe. Ni ateri za moyo. Moyo uliojaa damu hauinywi ile iliyomo vyumbani mwake. Unalishwa na matawi haya mawili, ya kwanza kabisa kutoka kwenye aota. Yakiziba ndipo mtu hupatwa na mshtuko wa moyo. Nimeona nyuso za vijana zikibadilika kwenye matundu hayo mawili kuliko kwenye mchoro wowote.

Ndipo tunaupasua. Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto kuna vali yenye mapande mawili, upande wa kulia yenye mapande matatu. Kingo zake zimefungwa na nyuzi nyeupe ngumu zinazoteremka hadi kwenye vinundu vya msuli. Zivute uone. Bila nyuzi hizo vali ingepinduka kama mwavuli kwenye upepo wa kusi, na damu ingerudi ilikotoka.

Kisha nawaambia watie kidole gumba ndani ya ventriko moja na kidole cha shahada ndani ya nyingine, waubane ukuta wa kati, watafute tundu. Watafute kwa dhati. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kupitia vitundu katika ukuta huu, na watu wakaamini kwa zaidi ya miaka elfu. Tabibu aliyezaliwa Damascus mwaka 1213 na kufanya kazi Cairo, Ibn al-Nafis, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta huo ni mnene na hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana, na kwamba damu lazima ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Akasema pia kwamba kuna njia ndogo kati ya mshipa unaokwenda mapafuni na ule unaorudi. Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko wa damu ya mwili mzima mwaka 1628, na Mtaliano Marcello Malpighi akaziona kapilari, ndizo njia ndogo hizo, kwa hadubini, katika mapafu ya chura, mwaka 1661. Vijana wetu wana haki ya kujua kwamba katika silsila hii yumo mtu wa Cairo, na ushahidi wa maneno yake wanaushika kati ya vidole viwili, juu ya sinia, kisiwani Pemba.

Juu zaidi, katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya juu, kuna kibonde cha mviringo. Tundu liliwahi kuwapo hapo. Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayavuti hewa, kwa hivyo sehemu kubwa ya damu hupita tunduni moja kwa moja kutoka kulia kwenda kushoto. Akizaliwa na kuvuta pumzi, shinikizo la upande wa kushoto hupanda na kizibo kikafunga. Kila mtoto niliyempokea mikononi mwangu amepitia mabadiliko hayo ndani ya dakika zile zile nilizokuwa nikimfuta. Sijapata kulizoea, alhamdulillah.

Tofauti nazo lazima zisemwe. Moyo wa binadamu una uzito wa gramu 300 hivi, wa ng'ombe ni mkubwa kupita mara kadhaa. Tena moyo wa ng'ombe una kifupa karibu na mzizi wa aota, na sisi hatuna. Ukikigonga kisu usidhani umekosea mahali.

Tumbo nitalipita haraka, isipokuwa pale linapohusu kazi yangu. Chukueni kitovu kiwe kati, gaweni tumbo mafungu manne, mjue kilichomo kila fungu: ini na kifuko cha nyongo juu kulia, bandama juu kushoto nyuma ya mbavu za 9 hadi 11, kidole tumbo chini kulia. Mgonjwa akikuwekea kiganja chembe cha moyo, chini ya kiganja kile kuna tumbo la chakula na sehemu ya ini, nyuma yake kongosho, na juu yake tu, ng'ambo ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, umekaa moyo. Msimpe mtu mzima dawa ya vidonda vya tumbo kabla hamjaufikiria moyo.

Nyonga ya mwanamke ndiyo ninayotaka muijue kwa kufumba macho. Kutoka mbele kwenda nyuma: mfupa wa kinena, kibofu cha mkojo, mfuko wa uzazi, kisha utumbo wa mwisho. Vitu vitatu laini vimebanana ndani ya pete moja ya mfupa, na kimoja kikijaa, wenziwe wanasogezwa. Mama yuko kwenye uchungu, kichwa cha mtoto hakishuki, na hapo chini juu ya kinena kuna uvimbe laini: hajakojoa. Mpe nafasi akojoe, na mara nyingi kichwa kitashuka. Amekwisha kujifungua, damu inatoka kuliko inavyostahiki, unapapasa mfuko wa uzazi na kuukuta umepanda juu na umeelemea upande mmoja. Kibofu kimejaa, kimeusukuma, na mfuko uliosukumwa haubani vizuri. Usipobana, mishipa ya pale kondo lilipokuwa inabaki wazi. Toa mkojo, kanda mfuko, huku mwenzio anakwenda kuita msaada. Mama anaweza kufa kwa kibofu kilichosahauliwa. Wanafunzi hunieleza wanavyoipenda anatomia ya ubongo, na ni nzuri kweli, lakini mimi nikiwapa zamu ya wodi ya wazazi nataka waijue kwanza hii.

Na kwa sindano: mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini hupita katikati ya tako na kushuka nyuma ya paja. Ukichoma tako, choma robo ya juu ya upande wa nje. Mtoto mchanga asichomwe tako kabisa, achomwe pajani kwa nje, pale msuli ulipo mnene na hakuna mshipa mkubwa. Ukiuharibu mshipa ule unamwachia mtu mguu ambao kanyagio lake halinyanyuki.

Mtakaokuja mara nyingine, tutasoma figo. Msiniletee ya ng'ombe. Figo ya ng'ombe imegawanyika mafundo mafundo kwa nje, na ya mtu mzima haiko hivyo, ingawa ya mtoto tumboni huwa na migawanyiko kama hiyo. Leteni ya mbuzi, ni laini kwa nje na umbo lake linakaribiana na letu. Ndani, mapiramidi yake, yale mafungu ya nyama yenye umbo la pia, yameungana mwishoni, na ya binadamu yametengana, hilo nitalieleza. Mwambieni muuza nyama asiibandue mafuta ya kibondeni, pale figo ilipobonyea ubavuni, kwa sababu ndani ya mafuta hayo ndimo mnamopita ateri, vena na mrija wa mkojo. Tutakata kuanzia ukingo wa nje uliopinda kuelekea kibondeni, kwa mpigo mmoja bila kurudisha kisu, ili pande mbili zilingane. Kila mmoja atachora alichokiona kabla kitabu hakijafunguliwa, na majina tutayaandika juu ya mchoro wake mwenyewe.